Kwa Ma Joviana, Nesi Aliyeondoka na Siri Zetu

Mwaka mmoja umetimia, Mama, tangu tulipokulaza kibanjani, upande wa juu wa nyumba, kwenye migomba uliyoipanda mwenyewe. Migomba imestawi. Juzi tumekata mkungu wa kwanza upande ule, na mwanao Lilian akapika ndizi kwa maharage, kama ulivyopenda.

Tunazungumza nawe mbele ya watu kwa sababu wengi wanaosoma tangazo hili la kumbukumbu walipita mikononi mwako. Watoto uliowapima uzito wakilia kwenye mizani sasa wanaleta watoto wao. Waganga walihamishwa, wakaja wengine, nao wakahamishwa. Wewe ulibaki palepale zahanati, kwenye kiti chako chenye mto wa kitenge.

“Nesi tu.” Tuliwasikia waliokuita hivyo, wewe ukicheka, mimi Wilbert nikitafuta ugomvi. Leo nawajibu bila ugomvi. Wewe, “nesi tu” huyo, ulijua nani ameacha dawa za sukari, nani anaficha kidonda ndani ya buti, mama yupi amekosa kliniki kwa sababu mumewe hataki. Uliwafuata nyumbani kwao na raba zako miguuni. Ulianza kwa kusifu maharage yao shambani, ukamaliza kwa kuosha kidonda. Anayeona hiyo ni kazi ndogo aje aifanye, kuanzia barabara kuu ya Muleba hadi kule chini ziwani, kwa miguu, kipindi cha mvua.

Na ulijua kunyamaza. Jirani yetu Magdalena alikubana siku moja mkianika kahawa.

“Ma Joviana, yule binti wa kule bondeni alifuata nini kwako jana?”

“Alifuata matibabu.”

“Matibabu ya nini sasa?”

“Magdalena, na yale ya kwako niliyoyaona mwezi uliopita, nianze kumhadithia nani?”

Alicheka hadi akakaa juu ya kahawa. Hakukuuliza tena.

Tata naye hakupata kitu, ingawa ni mumeo. “Nasikia Ildefons haji tena kunywa rubisi. Anaumwa nini?”

“Umefika kwake kumsalimia?”

“Bado.”

“Basi nenda, atakwambia mwenyewe.”

Akanuna. “Mke gani huyu asiyeongea na mumewe?” Ukamwongezea chai.

Kitu kimoja tu tulikulaumu: chakula chako hakikuwa na chumvi. Mdogo wetu Annastella alikuwa akija likizo na chumvi yake mfukoni. Ulimwona, ukamwacha. Ulisema ni wewe usiyeipenda, nasi tukakutania kwa hilo miaka yote.

Kisha, Mama, ulipokuwa umeshatuacha, msimu wa senene, Tata alianguka shambani akikata mkungu. Lilian alinipigia nikiwa kazini mjini, Kahororo, nikapanda gari la kwanza. Nilimkuta hospitali amelazwa, mdomo umepinda kidogo, mkono mmoja mzito. Nesi aliyekuwa zamu akauliza, “Mzee ana presha?”

Tukajibu wote kwa pamoja, “Hapana! Hajawahi.”

Tata akageukia ukutani. “Ninayo,” akasema. “Ya siku nyingi. Mama yenu ndiye aliyekuwa akinipima, kule kazini kwake, watu wakishaondoka. Alipofariki nikaacha dawa.”

Hapo ndipo tulipoielewa chumvi.

Sitaficha, nilikukasirikia. Hata sisi, Mama? Tuliokula sahani moja naye? Tulikuwa karibu kumzika Tata pembeni yako kwa sababu ya kitu ulichokijua wewe tu. Nilimwambia Lilian maneno hayo pale kwenye korido, akanijibu, “Wilbert, punguza sauti. Hapa kuna wagonjwa.”

Mungu alimrudisha nyumbani. Mdomo ulinyooka, mkono ukapata nguvu. Lakini dawa hakumeza, na zahanati hakwenda. Kwenye kiti chako sasa anakaa Agnetha, yule binti uliyemfundisha kazi. Tata alisema, “Kale katoto ndiko kanishike mkono? Nilimwonyesha mke wangu. Simwonyeshi mtu mwingine.” Tuligombana. Unazijua sauti zetu, yake na yangu: kuku walikimbilia kwa Magdalena. Aliniambia nirudi mjini nikachomelee mageti yangu. Nikamwambia sitachomelea geti la makaburi. Hakuna aliyeshinda, na vidonge vikabaki kwenye pakiti.

Shangazi Isidora alipoona hivyo akamwomba Agnetha apite nyumbani. Alikuja akitokea kumwona mzazi mpya jirani, begi begani, raba zimejaa tope. “Shikamoo, waitu,” alimwamkia Tata kwa heshima ya kwetu, akakaa chini kwenye mkeka, akauliza habari za kahawa. Baadaye akatuomba tutoke. Mlango ukafungwa. Walikaa humo hadi chai tuliyowaandalia ikapoa.

Alipotoka nilimzibia njia.

“Kasemaje? Amekubali?”

“Kaka Wilbert, muulize baba.”

“Nakuuliza wewe. Mimi ni mwanawe wa kiume!”

“Ndiyo maana nasema muulize. Yuko hapo ndani.”

“Akianguka tena utakuja kunieleza nini?”

“Nitakuja. Lakini aliyoniambia, hata ukinifokea mpaka ng'ombe warudi, sikwambii.”

Nilikuwa nimeshafungua mdomo, dirisha likafunguliwa. Tata alikuwa amesikia yote.

“Agnetha! Rudi hapa na hicho kipimo chako. Na wewe Wilbert, mpishe dada yako njiani.”

Hasira yangu kwako, Mama, iliishia pale. Mzee yule asingempa mkono wake mtu anayesema ya wagonjwa, hata akiyasema kwa watoto wao, hata kwa nia njema. Ulilijua hilo miaka yote ukiwa naye nyumba moja, ukambeba bila kumwaibisha. Na uliyemwachia kiti ulimfundisha hilo pamoja na kufunga vidonda.

Nilipomaliza kuandika haya nilimsomea Tata, nikiruka sehemu yote ya ugonjwa wake. Akanisimamisha.

“Mbona karatasi ndefu, unasoma kifupi?”

“Nimeacha mambo yako, Tata.”

“Ni yangu, ndiyo. Basi mimi nasema yaandikwe. Ildefons husoma matangazo yote.”

Ndiyo maana, Mama, yameandikwa. Kama kuna mwingine aliyeacha dawa siku ulipoondoka, akisubiri mtu wa kumwamini, Tata anamwambia aende. Kiti hakiko wazi.

Misa ya kukuombea itasomwa Jumapili kigangoni, kisha tutakula pamoja nyumbani. Ndugu, majirani, na wote aliowahudumia, karibuni.

Unakumbukwa na dada yako Adventina wa Maruku, wifi yako Isidora, wanao Lilian, Wilbert na Annastella, mkweo Isaac na wajukuu zako, wauguzi wenzako, na mumeo Karugendo, ambaye sasa anameza dawa zake mezani, sote tukimwona.

Hutasahaulika kwetu, Mama, siku zote za maisha yetu.