Kikombe cha Maji cha Huseni

Majengo,
S.L.P. 318,
Nyeri.
22 Julai 1987

Mpendwa wifi yangu Subira,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na Rashid wako na watoto. Mnaendeleaje huko Leeds? Yale maumivu ya mgongo uliyoyapata kwa kuinua wagonjwa yamepungua? Sisi hapa tu wazima isipokuwa mmoja, na huyo mmoja unamjua. Baridi ya mwezi wa saba imetukalia. Mlima hatujauona tangu wiki iliyopita, na nguo zinakaa kambani siku tatu bila kukauka.

Subira, nimechoka. Nalisema mapema usije ukadhani nimeanza kwa adabu halafu nikageuka. Ulipomchukua Huseni huko kwenu wakampasua na kulipunguza tumbo lake, nilikushukuru kwa machozi. Kilo mia moja na arobaini, sukari, presha, na miezi mingi analala ameketi kitini ili apate pumzi. Nilijua hapakuwa na njia nyingine. Lakini mlimpunguza tumbo mkaniachia kichwa chake kizima kizima.

Ile karatasi yako ya maagizo nimeibandika jikoni na sasa naijua kwa moyo. Anywe kidogo kidogo kutwa nzima. Asinywe pamoja na chakula, angoje nusu saa. Asipige mafunda makubwa. Kichefuchefu kikimshika apumzike, kisha aanze tena kwa kijiko. Ni maneno mazuri sana, ila aliyeyaandika hajawahi kukaa Nyeri mwezi wa saba, wakati hata mtu mwenye afya yake hagusi maji ila ya kuogea, na hayo nayo kwa kulazimishwa.

Maji ya bomba anasema yananuka chuma. Ya kuchemsha yananuka sufuria. Chai ya maziwa inarudi kabla haijafika. Kilichokubali kidogo ni chai ya rangi yenye tangawizi, vuguvugu, bila sukari, kwenye kikombe cha kahawa, na hata hiyo lazima nimsimamie kama askari. Harufu ya kitunguu kinachokaangwa ndiyo humwangusha kabisa. Hebu fikiria, mpishi wa harusi, aliyepikia watu pilau kutoka hapa hadi Kutus, leo anakimbilia uani kwa sababu jirani anaunga mboga. Makoti yake ya kazi nimeyafua mara tatu na bado anadai yananuka biriani.

Halafu kuna wageni. Unajua kwetu mgonjwa haendewi mikono mitupu, na alicholeta mgeni harudi nacho. Kila siku zinaingia chupa mbili tatu za chai na uji, na kila aliyeleta anaketi pale mpaka aone kikombe kimeisha. Na kaka yako, kwa heshima zake za ajabu, anakimaliza. Anasema Bismillahi, anakimeza chote kwa mafunda matatu, anashukuru, anamsindikiza mgeni hadi njiani, kisha anageuka kutapika. Nilipomwambia awaeleze ukweli, alinijibu kwamba mtu aliyelisha watu maisha yake yote hawezi kuwakatalia kikombe cha uji. Nikamwambia basi heshima hiyo itamzika.

Wangechi wa Gatitu, yule anayetuletea maziwa, alinisimamisha sokoni mbele ya watu.

"Mama, hii mzee yako imekwisha," akaniambia. "Ati unampea chakula ya kijiko? Kwani nyumba yako iko na njaa?"

Hakukusudia ubaya, lakini waliokuwa karibu walicheka, na kufika jioni Majengo yote ilikuwa inasema Waridi anamnyima mumewe chakula. Nikijaribu kueleza habari za tumbo kupunguzwa wananitazama kana kwamba nimezitunga njiani. Kwao, mtu akinenepa nyumba yake ina baraka, na akikonda watu wanamwangalia mke.

Ndipo Mama akaja kutoka Sagana na kikapu chake. Siku ya tatu nikakuta chupa ya uji wa mtama uvunguni mwa kitanda, imefunikwa kwa leso. Tulikosana vibaya. Nilimwambia maneno ambayo mtu hamwambii mama mkwe wake, naye akanijibu kwamba aliyemzaa Huseni ni yeye, si karatasi yako. Hata hivyo hakumpa uji tena. Tukabaki tunapishana jikoni bila kusemeshana.

Alhamisi iliyopita asubuhi Huseni alianguka bafuni. Midomo ilikuwa imepasuka, macho yameingia ndani, na mkojo wake tangu jana yake ulikuwa na rangi ya chai iliyochemka mpaka ikaungua. Tulimkimbiza hospitali, wakamtundikia chupa za maji moja baada ya nyingine. Daktari alituita nje, mimi na Mama, akasema wazi kwamba akikauka hivyo mara ya pili figo zitakufa, na hapo yeye hana la kufanya. Kisha akauliza ni nani aliyempa chakula kizito.

"Ni mimi, daktari," Mama akasema. "Nilimpa uji."

Daktari alimkaripia kama mtoto, mama wa watu wa miaka sabini. Jumapili Huseni aliporuhusiwa kutoka, Mama alifunga kikapu chake akarudi Sagana bila hata kunywa chai.

Subira, niliketi kuandika barua hii ili nikuombe umwandikie Mama. Wewe ni muuguzi, anakusikiliza. Nilitaka umpe maneno makali asirudie tena. Sasa nimefika hapa na mkono hauendi.

Haukuwa uji. Jumanne, siku mbili kabla hajaanguka, nilipika pilau. Vitunguu nilivikaangia kwa jirani ili harufu isimfikie, nikaweka nyama kidogo na kachumbari pembeni, vile apendavyo. Nilikuwa nimechoka kutazamwa. Na ukitaka ukweli wote, nilikuwa nimemkumbuka mume wangu, yule aliyekuwa akijaza mlango. Nilimwambia vijiko viwili haviui mtu. Alikula nusu sahani huku ananitazama, nami nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi sana. Alitapika hadi alfajiri. Mama ndiye aliyemshikia beseni, na ndiye aliyekwenda kulimwaga, akauona wali. Kuanzia hapo Huseni aliogopa kila kitu, hata kijiko cha maji, na ndivyo tulivyofika bafuni.

Kwa hiyo daktari alipouliza, Mama alijua. Akasema ni yeye, nami nikatazama sakafu.

Kule wodini Huseni alikuwa akinywa kutoka mkononi mwa Mama. Kijiko kimoja, wanangoja, kingine, bila kelele. Tangu Mama aondoke, nikimpelekea kikombe anakitazama, kisha ananitazama mimi.

"Ni maji tu, Waridi?" ananiuliza.

Anauliza kwa upole, kila mara, hata iwe chai ya tangawizi anayoiona nikiimimina. Kisha ananywa mafunda mawili na kukiweka chini. Leo asubuhi mkojo umeanza tena kuwa mweusi.

Nisalimie Rashid, wabusu watoto, na mwambie rafiki yako Magdaline kwamba wema aliomfanyia Huseni wodini huko hatujausahau. Wangechi naye anakusalimu. Yeye ndiye atakayekaa na mgonjwa kesho, na nimemwapisha asifungue chupa ya mtu yeyote.

Maana kesho asubuhi naenda Sagana. Nitamwambia Mama mbele ya majirani zake ni nani aliyepika pilau ile, kisha nitamwomba arudi amshikie mwanawe kikombe, kwa kuwa mkononi mwangu hanywi. Kwa hiyo usimwandikie neno lolote kali. Maneno makali yote uliyo nayo nitumie mimi, kwa anwani hiyo hiyo hapo juu.

Mungu akulinde huko ugenini, na atubakishie huyu.

Wifi yako akupendaye,
Waridi