Neema na Watu wa Akordeoni

Buffalo, Jumapili

Mama mpenzi,

Bwana asifiwe. Nakusalimu wewe na hilo goti lako; limepungua kuvimba? Sisi hapa West Side tuko wazima, theluji imeanza kuyeyuka. Sasa kaa, nikueleze habari za mdogo wangu Neema, maana najua ndizo zinakukosesha usingizi.

Yale maneno ya mama mdogo wa Columbus, kwamba binti yako ameacha kwaya na anashinda kwenye ngoma za wazungu huko Louisville, nimeenda kuyaona mwenyewe. Nilipanda basi, nikalala Columbus. Mama mdogo akanisihi nimlete Neema Buffalo kabla hajatuaibisha. Donc, nilifika Louisville na hasira zangu tayari.

Mama, hiyo ngoma ni sebule ya mjane mzee, Madame Odile, mtu wa Louisiana. Kabila lao ni Wakajeni. Mababu zao walikuwa wasema Kifaransa waliofukuzwa Kanada zamani, wakakimbilia kusini. Neema alimsikia dukani akinung'unikia vitunguu kwa Kifaransa, akamjibu kwa Kifaransa chetu cha nyumbani. Basi, urafiki ukaanzia hapo.

Kila Jumamosi jamaa zake wanakusanyika. Mmoja anapiga akordeoni, mwingine violini, mwingine anagonga chuma cha pembe tatu. Wazee wanacheza taratibu wawili wawili, watoto wanasinzia kwenye mablanketi, na jikoni kuna sufuria kubwa ya wali na soseji. Bia ipo, sikufichi. Neema anakunywa chai.

Vijana wao wanapiga vizuri ila maneno ya nyimbo hawayaelewi. Madame alichapwa shuleni kwa kusema Kifaransa, akaogopa kuwafundisha wanawe. Sasa Neema anakaa naye, wanawaeleza vijana mstari kwa mstari.

Nilimwita pembeni nikamwambia afunge mizigo. Hakubisha. Akasema tu, kwa heshima ya mdogo kwa mkubwa wake, "Yaya, tangu nifike Louisville, hii ndiyo nyumba ya kwanza walikoniuliza mama yangu anaitwa nani."

Kisha wakamwita aimbe, wimbo wa mtu aliyeacha kwao. Bibi mmoja akaacha kucheza, akasimama kumsikiliza. Madame akaniwekea sahani mkononi, akauliza kama nimekuja kumchukua.

"Hapana, Madame," nikasema. "Nilikuja kumtazama."

Bon, nilikula, nikaongezewa. Mzigo ulinitoka kifuani, mama, hata nikacheka. Na kwaya hakuiacha kwa ajili ya ngoma: zamu zake za kutunza wazee zilikuwa Jumapili. Ameshabadilishiwa.

Niliporudi kupitia Columbus nilimweleza mama mdogo yote. Akauliza kama ule wali una pilipili.

Nisalimie mjomba fundi viatu, dada mkubwa na mapacha wake, na mama mchungaji. Yeye akikuuliza juu ya Neema, usiinamishe kichwa. Mwambie binti yako ana watu.

Mwanao akupendaye,
Espoir