Matundu ya Hewa Niliyoyaziba

Kaka Ambakisye,

Juzi tumebomoa dari ya chumba namba mbili. Nimetaka ulijue hilo kabla ya mengine, maana ndicho chumba nilichokulaza siku ile, na tangu siku ile sijampa mgeni yeyote ufunguo wake. Nikipita mlangoni nilikuwa natazama pembeni.

Mwanzo wa jambo hili unaujua kuliko mimi, lakini acha niuseme mwenyewe.

Uliponijengea gesti hii hapa Kyela mjini, biashara huria ndiyo kwanza ilikuwa imeruhusiwa, nami nilikuwa mjane mwenye meza moja ya vitenge nilivyovuka navyo mto Songwe kutoka Malawi. Hukuwa na haraka. Wiki nzima ulishinda kiwanjani ukiangalia jua linapiga wapi, na upepo wa mwera unatoka ziwani kwa upande gani. Ukapandisha kuta kuliko za majirani, ukaacha matundu ya hewa chini ya paa pande mbili, na upande wa magharibi ukaweka baraza pana ili jua la alasiri lisiguse ukuta. Nikakuuliza kama tunajenga gesti au ghala la mpunga. Ukasema, "Hewa ya moto hupanda, mdogo wangu. Mimi naiachia tu pa kutokea."

Na kweli ilitoka. Wanunuzi wa mpunga na wafanyabiashara wa kutoka Malawi walilala humo bila hata feni, wakasema kwangu ni kama kukaa chini ya migomba.

Kisha nikaanza kwenda Dar es Salaam kufuata mizigo. Huko nililala kwenye hoteli yenye madirisha ya vioo yasiyofunguka, kiyoyozi kinavuma ukutani, nikajifunika blanketi mchana. Nikarudi naionea aibu nyumba yako. Ulipopata habari kwamba nataka kuibadilisha ulikuja kwa baiskeli kutoka shambani kwako Makwale, ukazunguka jengo mara mbili, ukaniambia nikiziba matundu yale nitaitumikia mashine maisha yangu yote, na umeme ukikatika watu wataiva humo ndani. Ukasema pia umesikia redioni kwamba moshi wa mitambo ya namna hii unazidisha joto la dunia nzima. Nikacheka, mbele ya mafundi niliowaleta kutoka Mbeya.

"Kyela kulikuwa na baridi lini?" nilikuambia. "Rudi shamba, kaka. Mambo ya kisasa huyajui."

Ulichukua baiskeli yako ukaondoka. Hata maji ya kunywa sikukupa.

Wakaziba matundu kwa saruji. Wakashusha dari, wakafunga viyoyozi na madirisha ya vioo kama ya ile hoteli. Baraza nikaigeuza vyumba vitatu. Mwezi wa kwanza nilijiona nimefika. Ulipokuja mgawo wa umeme nikanunua jenereta, nikaifunga nyuma, karibu na kamba ya nguo ya Mama Lusajo, yule jirani mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Nguo zake zikawa zinakauka na masizi. Alikuja kuniomba mara mbili, kwa adabu, nikamwambia nitaisogeza. Sikuisogeza. Ilikunywa dizeli tangu asubuhi hadi jioni kupoza joto ambalo nilikuwa nimelifungia ndani mwenyewe.

Halafu siku ile. Wifi Tumpe alikuleta kwa pikapu saa saba mchana, tumbo limevimba, mngojee gari la kukupeleka hospitali Mbeya. Umeme haukuwepo. Dizeli mjini ilikuwa imekwisha tangu jana yake. Nikakulaza namba mbili, kwa kuwa ndicho chumba nilichojivunia, na baada ya muda mfupi shuka lilikuwa limelowa. Madirisha ya vioo hayakufunguka. Wifi alikupepea kwa kanga mpaka mkono ukamchoka.

"Niwekeeni mkeka barazani," ulisema.

Sijui ulikuwa umesahau, au ni homa. Wifi ndiye aliyekujibu, "Baraza haipo tena, baba."

Mama Lusajo alisikia kutoka kwake. Alikuja na vijana wawili wa mashineni, wakakubeba, wakakulaza juu ya magunia kwenye banda lake, mahali penye kivuli na upepo. Ukamshukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo, mama." Mimi nilisimama pembeni, kwenye banda la mwanamke niliyemchafulia nguo, kaka yangu amelazwa huko kwa sababu nyumba aliyoijenga kwa mikono yake nilikuwa nimeiharibu. Ukanitazama ukaniuliza, taratibu, "Wageni wanakuja lakini?"

Nikasema wanakuja. Ukasema, "Vizuri."

Hayo ndiyo ya mwisho uliyoniambia. Siku ya nne ukafia Mbeya. Daktari alisema ni ini, joto halikuhusika. Nimejirudia maneno yake mara nyingi sana, kaka. Hayanisaidii. Saa zile mbili za kungoja gari zilikuwa zako, na mimi ndiye niliyezichoma.

Baada ya matanga nilikwenda Makwale kwa wifi. Yeye ndiye aliyekuchanganyia udongo tulipojenga. Nilijua anakumbuka kila tundu lilipokuwa. Nikamwomba aje anionyeshe, na nikamwomba anisamehe. Alimaliza kwanza kuanika kakao.

"Yeye alikusamehe palepale kwenye magunia," akasema. "Mimi bado."

Lakini alikuja. Alijifunga kanga kiunoni, akapita ukuta kwa ukuta akigonga kwa nyundo, akiwaambia mafundi hapa, na hapa. Saruji ilipodondoka upande wa ziwa, mwera uliingia na vumbi lote usoni mwetu. Tulikohoa wote wawili. Yeye akatoka nje, nikaona mabega yake yanatikisika, sikuthubutu kumfuata.

Jenereta nimeiondoa. Mama Lusajo nilimwendea. Alinikaribisha chai, hakutaja nguo. Viyoyozi nimetoa vyote isipokuwa kimoja, kwa ajili ya mnunuzi wa kakao ambaye hakubali kulala bila hicho. Nilikuwa na woga wa kumpoteza. Wifi alikiona, akapita. Kitatoka, kaka. Mvua zikikatika navunja vile vyumba vitatu nikurudishie baraza yako, na mnunuzi akitaka kuhama, ahame.

Wifi sitamwomba tena msamaha. Ila nimeanza kwenda Makwale kila Jumamosi kumsaidia palizi ya mpunga. Amenipa jaruba langu, la mbali na lake, na hanisemeshi mpaka kazi iishe. Nitalipalilia hilohilo, msimu huu na mwingine, hata kama hatasema neno.

Pumzika, kaka yangu.

Mdogo wako,
Tusajigwe