Aliyefungua Kompyuta Yangu Siku za Alhamisi

Baba mkwe wangu mpendwa,

Nakuandikia nikiwa nimekaa sebuleni, mahali ambapo enzi za uhai wako nisingethubutu kukaa bila kwanza kutega sikio. Ukitoka chumbani unakohoa, mimi nakimbilia jikoni. Mimi nikipita koridoni nagongesha ndoo, wewe unarudi ndani na kufunga mlango. Miaka miwili tuliishi hivyo katika nyumba moja hapa Mbeya. Nikipika naweka mezani, naondoka, ndipo unakuja kula.

Nilidhani hunipendi. Mimi ni mtoto wa Mlandege, Iringa, nimekulia nyuma ya duka la vitenge la baba yangu. Kwetu mkwe anakaa na wakwe zake, anataniwa, anamiminiwa chai mpaka birika linakauka. Nilisikia kwamba Wanyakyusa mna heshima zenu za ukwe, ila nikadhani ni mambo ya harusini, yanakwisha na pilau. Mwanao Ambakisye, mume wangu, yuko njiani na lori siku zote, na nikimuuliza anasema, "Ah, mzee ndivyo alivyo," basi, anaomba chai. Mimi nikajazia mwenyewe kwa hasira zangu: mzee ananiona uchafu.

Ndiyo maana nikaanza kumwandikia mama barua kwenye kompyuta yangu hapa sebuleni. Nilimwambia ndoa imenishinda, naomba kurudi Mlandege, siwezi kuishi na mtu anayenikimbia kama ndui. Sikuimaliza. Niliihifadhi katikati ya kazi za kuchapa ninazopewa na steshenari moja ya Mwanjelwa, nikijua hakuna wa kuichungulia.

Alhamisi moja nikarudi kutoka Mwanjelwa kupeleka kazi, nikakuta kipanya kiko kushoto kwa kibodi. Mimi hukiweka kulia. Nikakirudisha. Alhamisi iliyofuata kipo kushoto tena, na kiti kimesogezwa mpaka kinagusa meza. Damu ikanichemka. Wiki hizo lori la Ambakisye lilikuwa gereji, naye anashinda nyumbani. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajisemea. Kaisoma barua, na ananyamaza ili anichunguze.

Unajua nilivyo, sikuweza kuliacha. Alhamisi ya tatu nikaweka punje ya mchele juu ya kitufe cha kuwashia, kisha nikamburuta Ambakisye twende wote Mwanjelwa anibebee makaratasi. Tuliporudi, mchele uko sakafuni. Nikawasha, nikatazama orodha ya mafaili yaliyofunguliwa karibuni. Barua ya mama ilikuwa ya kwanza: saa nne na dakika kumi asubuhi. Saa nne na dakika kumi mume wangu alikuwa ameshika kikapu mbele yangu, tunabishana na muuza viazi.

Nikaifunga orodha haraka kabla hajaja kuchungulia. Nikamwambia tu kwamba kuna mtu anagusa kompyuta yangu na kuhamishia kipanya kushoto. Akacheka mpaka akashika mlango.

"We mama nawe! Humu ndani anayetumia mkono wa kushoto si mmoja tu?"

"Nani?"

"Mzee!"

Kumbe wewe, Baba. Miaka miwili nakupikia, na sikujua unashika kijiko kwa mkono upi. Aibu niliyoisikia siwezi kuieleza.

Ambakisye alipotoka nikaifungua barua. Chini ya mstari wangu wa mwisho kulikuwa na maneno mapya, yote kwa herufi kubwa:

"MKAMWANA. NIMESOMA KISICHO CHANGU, NISAMEHE. SIKUKIMBII. KWETU MKWE UNAYEMHESHIMU UNAMPISHA NJIA, NAYE ANAKUPISHA. NILIDHANI MWANANGU AMEKUELEZA. MJINGA YULE. UKITAKA KWENDA KWA MAMA YAKO NENDA, ILA USIENDE KWA SABABU YANGU."

Nililia, halafu nikacheka, kwa sababu ya lile neno mjinga. Kisha nikaona kuna faili lingine nisilolijua, limeitwa SALAMU. Kurasa nne nzima zina sentensi moja tu, imerudiwa na kurudiwa. Ya kwanza haisomeki, ya kumi ina nusu ya herufi, na ya mwisho kabisa imenyooka: "MKAMWANA, NDAGA FIJO KWA CHAKULA." Kumbe ulikuwa unajifunza kuchapa kwa kidole kimoja, mzee wa miaka sabini na kitu, ili uniambie asante bila kuvunja heshima ya kwenu. Kwenye simu herufi zilikuwa kama sisimizi, macho yako hayakuziona. Mtu ambaye maisha yake yote alitibu ng'ombe Rungwe nzima, akakaa mbele ya mashine asiyoijua, akaanza moja. Mimi hata kumuuliza mtu, "Kwa nini baba mkwe ananikwepa?" na kungoja jibu la maana, kulinishinda.

Sikurudi Mlandege. Nilikujibu hapohapo chini ya barua, na tangu Alhamisi ile tukawa na mazungumzo yetu. Nikitoka kwenda Mwanjelwa unaingia wewe, nikirudi nasoma. Ulinisimulia marehemu mke wako alivyokuwa mkali kwenye shamba la chai. Ulinilaumu: "NDIZI ZA JANA ZIMEKUWA UJI. MIMI NINA MENO BADO." Nikakujibu kwamba Iringa hatupiki ndizi, tunapika ugali, ushukuru Mungu hata hizo. Wiki iliyofuata ukaniandikia namna ya kuzipika, mstari kwa mstari, mpaka kiasi cha chumvi. Sijawahi kuwa na mwalimu mpole kama wewe, na tulikuwa hatujaonana uso kwa uso.

Mwaka jana ulipolazwa, Ambakisye alikuwa amekwama na lori mpakani Tunduma. Nikaleta uji. Nikasimama nje ya mlango wa wodi, bakuli mkononi, nikimsubiri nesi anipokelee. Nesi ana wagonjwa ishirini, hana habari na mimi. Uji unapoa. Ndipo nikasikia sauti yako ikisema nami kwa mara ya kwanza.

"Mkamwana. Ingia."

"Baba, siwezi."

"Ingia, mwanangu. Mimi ndiye mwenye heshima hiyo, na mimi nimeitua. Wakikuuliza, waambie mzee aliruhusu."

Niliingia nimejifunika kanga usoni. Ukasema niitoe, unione. Nikaitoa. Tukatazamana, Baba, sote wawili tukaona haya kama watoto, halafu ukaniambia uji hauna sukari.

Msibani wanawake wa ukoo walinong'ona, nami nikasikia. "Huyu Mhehe analia hivi, kwani mkwe wake anamjua?" Kwao kilikuwa kichekesho, mkamwana kumlilia mzee ambaye kwa mila hakupaswa hata kumtazama. Hawakujua ya wodini. Nilikulisha siku tatu, na siku ya tatu nilikufumba macho kwa mkono wangu.

Pumzika, Baba. Ndaga fijo.

Mimi mkamwana wako