Mama, Haukuwa Uvivu

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje, linakuruhusu kushuka kihambani kwenye migomba? Huku Uingereza baridi inauma mpaka kwenye meno, lakini mimi ni mzima, nakula, nalala. Kinachonisumbua si baridi. Ni ile pombe yako ya mbege, ya siku mliyoniaga.

Unajua nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee. Yuko bibi mmoja anapenda kujichomea mkate mwenyewe. Wiki iliyopita nilimkuta anafuma sweta, mkate unateketea nyuma yake, ukumbi mzima unanuka. Nikamfokea, "Bibi, yaani hata hii husikii?" Nesi akanivuta kando, akaniandikia neno kwenye karatasi: anosmia. Akasema ni hali ya kupoteza uwezo wa kunusa. Mafua makali yanaweza kuuondoa, na pengine usirudi tena. Nikamuuliza wanalitumiaje. Akasema unasema tu fulani ana anosmia, basi, kama kwetu tunavyosema fulani ana malaria. Halina lawama ndani yake. Wenyeji wengi nao hawalijui.

Mama, nilikaa kwenye ngazi nikalia.

Nilikumbuka yale mafua yako ya masika, yaliyokulaza wiki mbili. Kabla yake ulijua Baba Mkubwa anakuja kwa harufu ya tumbaku, hata hajafika uani. Baada yake ukaanza kuniita jikoni. "Deo, hebu nusa haya maziwa." "Deo, nusa hii nyama." Nikadhani unadeka tu, nikawa nakunusia huku nacheka. Siku ulipopika mbege ya kuniaga nilikuwa mjini nahangaikia safari, hukuwa na wa kumwita. Uji wa ulezi ukaungua chini ya sufuria, ukauchanganya hivyohivyo na ndizi.

Baba Mkubwa alipoonja kata ya kwanza akatema. "Aisee, hii imeungua!" Ukaipokea, ukainusa mbele za watu, ukanywa, ukasema, "Mbona iko sawa?" Watu wakaangua kicheko. Na mimi, niliyesomeshwa kwa kuuza kwako mbege hiyohiyo, nikasema kwa sauti, "Mama siku hizi ni mvivu, hata kukoroga hataki. Umenitia aibu."

Dada Felista ameniandikia kwamba tangu siku ile hujapika tena, na sufuria kubwa umempa jirani. Yesu na Maria! Nilikuvunja moyo, kisha nikapanda ndege.

Haukuwa uvivu, Mama. Ulikuwa unaumwa, na mimi niliyekuwa nakunusia ndiye niliyekucheka.

Msalimie Baba Mkubwa, na Felista amsomee lile neno naye alijue. Msalimie jirani, umwambie sufuria asiiuze. Felista yupo, atakunusia.

Mjomba yuko tayari kukuletea jani la sale, akuombe msamaha kwa niaba yangu. Nimemwambia asilikate kwanza. Sote tunajua sale likishaletwa halikataliwi, hata kama moyo bado unauma, na mimi sitaki unisamehe kwa sababu mila imekubana. Felista akishakusomea barua hii, kaa nayo. Ukiwa tayari, mwambie Mjomba aende uzioni akalikate. Kama bado, mwache akae, na sale liendelee kuota.

Mwanao mwenye kosa,
Deo