Kipaza Sauti Hakikuzimwa

Shoga, nimeaibika leo hadi uso unawaka.

Si unalijua lile kundi la wabunge wa vyama vyote linaloshughulikia wodi za wazazi, ambalo mimi ndiye katibu wake? Leo kikaoni walikuwa wanapendana kama mapacha. Mwenyekiti, yule wa chama tawala, na Bi Mkali wa upinzani wamekubaliana kuhusu muswada mzima wa vitanda vya wazazi, neno kwa neno.

Halafu Bi Mkali akamwambia, "Kesho bungeni nitakuita muuaji wa akina mama. Usininunie, shemeji."

Mwenyekiti akajibu, "Niite tu. Na mimi nitakuita kibaraka, kisha tuupitishe."

Eti usininunie, shemeji. Hawa hawa wanaorushiana matusi kwenye televisheni.

Sasa sikia. Nilikuwa nimesahau kuzima kipaza sauti. Waandishi wa habari chumba cha pili, kwenye spika zilizounganishwa nacho, wamesikia yote.

Tulipotoka, kamera zimejaa mlangoni. Wale wawili wakatazamana, wakasimama bega kwa bega, na kwa mara ya kwanza wakasema kitu kimoja hadharani: katibu amehujumu kikao.

Muswada wa vitanda vya wazazi umeahirishwa. Kesho wananijadili mimi.