Mkataba wa Gwata

Msimbu,
Kisarawe.
24 Januari 2026

Mpendwa Dada Saida,

Shikamoo. Natumaini Zubeir, anayekuletea barua hii, atakukuta mzima huko Muscat, na kwamba goti lile limepunguza kelele. Sisi wazima. Mihogo inavumilia jua, na kitambi changu kina afya kuliko mwenyewe. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi.

Baada ya salamu, nautangazia ukoo wote, walio nchini na walio ng'ambo, kwamba tangu Jumapili iliyopita mimi Yahya si waziri wa mambo ya nje tena. Bendera zipepee nusu mlingoti. Tafadhali usicheke kabla hujafika mwisho.

Wizara yenyewe unaijua: kuvaa kanzu, kukaa kulia kwa Baba mdogo Abdala wageni wakija, na kusema, "Mzee amesikia, majibu mtayapata." Basi. Posa haijibiwi papo hapo kwetu. Mzee anapokea, jambo linaingia ndani kwa akina shangazi, likitoka huko ndipo mshenga anaitwa.

Sasa juzijuzi wamekuja watu wa Gwata na posa ya Raudha, binti wa marehemu kaka yetu Mbaraka. Kijana wao ni Halidi, fundi wa pampu za maji pale Mlandizi. Raudha anamtaka, hilo halina ubishi. Mimi nilikuwa shuleni. Wakaisifia mihogo ya mzee, wakaisifia na kofia yake, na mzee wetu akisifiwa si unamjua? Akajibu pale pale: tumekubali, harusi kabla ya Ramadhani, bibi harusi anahamia Gwata moja kwa moja.

Raudha yuko chuo cha uuguzi Kibaha, bado mwaka mmoja amalize. Habari za harusi yake amezipata kwa muuza vitenge wa Mlandizi, aliyemuuliza sare zitakuwa rangi gani. Akanipigia simu analia.

Wiki hiyo hiyo, Dada, nilikuwa nafundisha Uraia, mada ya nani ana usemi katika mambo ya nje. Rais ndiye anayezungumza na mataifa, na mikataba inasainiwa kwa jina la serikali yake. Lakini mkataba unaotakiwa kuridhiwa lazima uende bungeni, ibara ya sitini na tatu. Hata vita, Rais anaweza kutangaza, ila Bunge huitishwa lilitafakari tangazo hilo. Mwanafunzi mmoja, Ashura, akauliza, "Mwalimu, si ameshasaini? Sasa wanasumbuana nini?" Nikamjibu kwamba anayesaini mara nyingi siye atakayeubeba. Nikajisikia naizungumzia nyumba yetu. Na wewe uliye ugenini unalijua hilo kunizidi: wanakubaliana wakubwa, anayeamka nayo asubuhi ni wewe.

Nikaapa hili halipiti. Nikamwendea mzee, nikamwambia kikao kikae. Akaniuliza, "Yahya, unataka kunipindua?"

"Hapana, baba. Nataka mkataba uridhiwe."

Jumapili tukakaa, shangazi Zawadi akiwa mbele. Nilisimama, nikaitaja ibara, kikao kikatulia tuli. Tukaamua: mchumba tunampokea kwa mikono miwili, harusi baada ya chuo, na tangu sasa hakuna neno la kuufunga ukoo litakalotoka barazani kabla halijapita ndani. Hapo haturudi nyuma, hata Gwata wakinuna.

Shemeji Mwanaamina, mama yake Raudha, anakusalimu sana. Shangazi Zawadi anakuombea kila swala, na anauliza yale mashuka uliyomwahidi. Mwanangu Hemedi anakuamkia. Mwenyezi Mungu akulinde, akurudishe kwetu salama.

Sasa, kabla sijafunga bahasha, nikueleze ilivyokuwa kweli, maana Zubeir alikuwepo na hana siri.

Nilisema "Ndugu zangu, ibara ya sitini na..." shangazi Zawadi akanikata: "Mwalimu, kaa, chai yako imeingia nzi." Nikakaa. Kikao kilitulia kwa sababu aliyesimama baada yangu ni Raudha, na hatujapata kuona binti anaingia kwenye kikao cha posa yake.

Akapiga magoti mbele ya mzee. "Babu, shikamoo. Halidi namtaka na chuo nakitaka. Ungeniita. Kibaha si Ulaya."

Mzee akasema neno limeshatoka, Gwata watamwona muongo. Raudha akachukua simu, akampigia Halidi, akaweka sauti juu wote tusikie.

"Halidi, harusi ni kabla ya Ramadhani?"

Halidi akauliza: "Harusi ya nani?"

Dada, hata kwao hakuulizwa! Wazee wawili wamekubaliana tarehe, na wenye harusi hawana habari.

Mzee akaitazama simu, akatutazama sisi, akaniambia taratibu, "Yahya, sogea. Mpishe huyu binti hapo ulipokaa."

Ndivyo nilivyovuliwa wizara. Uamuzi ni ule ule niliokuandikia, na kesho tunakwenda Gwata kupeleka jibu. Raudha atakaa kulia kwa mzee. Mimi nitabeba mihogo.

Mdogo wako akupendaye, hata bila cheo,
Yahya